Nafasi ya Kupiga Magoti

Bakora ya Mwalimu Abrahman ilipikiwa mihogo ya watu asubuhi ile, na mpishi mwenyewe hakujua.

Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha usiku kucha na kuni zote zilitota. Mwatima aliinama mbele ya mafiga akipuliza mpaka macho yakamwiva. Alipopapasa nyuma ya mtungi kutafuta kikuti, mkono wake ukaikuta fimbo moja iliyonyooka, laini, kavu kama salamu za jirani mliyegombana. Akaivunja kwa goti, akaitia motoni. Ikashika palepale. Moshi wake ulinukia mafuta ya nazi, na Mwatima akastaajabu: siku zile hata samaki walikuwa hawayaonji mafuta, fimbo gani hii ya kupakwa kama bibi harusi? Lakini mwenye njaa haziulizi kuni zimetokea wapi. Mihogo ikatokota.

Tatu, binti yake, alikaa mkekani akachukua kipande kwa mkono wa kushoto.

"Mbona wala na shetani, wee mwana?" aliuliza Bi Mize, mavyaa wa Mwatima, yaani mama wa mumewe Soud, kizee ambaye meno yalikuwa yamemwisha lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Mkono wa kulia wauma, bibi."

Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu wote walijua. Wiki iliyopita mchele ulikuwa umekuja kisiwani kwa mashua, na Mwatima alimtuma Tatu alfajiri kwenye duka la ushirika akamshikie nafasi katika foleni. Mama alipofika kumpokea, jua lilikuwa limekwisha panda na kengele ya skuli imekwisha lia. Mwalimu hakuuliza foleni wala mchele. Aliuliza kiganja. Alikipiga mpaka kikapasuka, na sasa kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kanga kuukuu, kimevimba kama andazi.

"Kitapoa," alisema Soud, baba mtu, huku anatafuna. "Sie tulipigwa tukawa watu."

"Ulikuwa mtu gani?" Mwatima akamjibu. "Ulipigwa siku mbili, ya tatu ukajificha mikokoni mpaka wenzio wakamaliza skuli. Hata jina lako waniuliza mimi linaanza na nini."

"Linaanza na Soud," akasema Soud, akanawa mikono.

Tatu alicheka kidogo, akavaa viatu vyake vya mpira, akaondoka mbio. Mlangoni aligeuka akatazama jikoni, akatazama mafiga, rangi ikamtoka usoni. Mama yake alidhani bado ana njaa.

Adhuhuri iliadhiniwa, watu wakasali, wakala waliojaaliwa cha kula, na Tatu hajarudi.

Mwatima hakushtuka mapema. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuwachukua watoto kulima konde la skuli. Tena siku ile kijiji kizima kilikuwa na shughuli nyingine: tangu asubuhi mke wa mwalimu alikuwa kashikwa na uchungu, mkunga akasema mtoto kakaa vibaya, lazima avushwe Wete hospitali. Vijana walimbeba kwa kitanda mpaka pwani. Mwalimu aliitwa akiwa darasani, akatoka mbio na chaki mkononi, akapanda mashua bila kuaga mtu. Mwalimu mwenzake alikuwa Unguja kwenye mafunzo.

"Basi hao watoto wako na nani?" Mwatima aliuliza, kama aliyeamshwa.

"Wako na raha zao," akasema Bi Mize. "Mwalimu kavuka bahari, nani akae darasani? Nenda pwani utawakuta wamejaa kama dagaa."

Lakini pwani hapakuwa na mtoto. Kondeni hapakuwa na mtoto. Mwatima akajifunga kanga ya pili, akashika njia ya skuli. Skuli yenye watoto huvuma mbali kama mzinga wa nyuki, na ikiwa haina watoto utasikia kuku wanaparura mlangoni. Hii ilikuwa haina kuku wala nyuki. Ilikuwa kimya kama msikiti watu wamo sijidani.

Akachungulia dirishani.

Walikuwa wamepiga magoti. Darasa la nne zima, safu kwa safu, magoti juu ya saruji, mikono juu, nyuso zimeelekea ubaoni ambako hesabu ya asubuhi ilikuwa bado haijafutwa. Mwanzo Mwatima alidhani ni mchezo. Kisha akaona mikono yenyewe. Hakuna mkono uliokuwa umesimama peke yake. Wa nyuma alikuwa kaegemeza viwiko juu ya mabega ya wa mbele, na wa pembeni walikuwa wameshikana vifundo, mwenye nguvu kamnyanyulia mnyonge, mpaka darasa zima likawa kama wavu mmoja uliotundikwa ukauke. Kitoto kimoja cha safu ya kwanza kilikuwa kimejikojolea na mkojo umeshakauka. Wenziwe walikuwa wamesogea wakakizunguka, asiweze kukiona mtu wa mlangoni.

"Subhanallah," akasema Mwatima. Sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Hakuna aliyegeuka.

Akaingia. Akapita katikati ya safu kama mtu anayepita makaburini, akiogopa kukanyaga. Tatu alikuwa safu ya tatu. Mkono wake mbovu ulikuwa umelazwa juu ya kichwa cha Jaribu, kiranja wa darasa, mvulana yatima aliyelelewa na babu yake mvuvi.

"Tatu. Inuka mwanangu twende."

"Siinuki, mama."

"Nakwambia inuka!"

"Mwalimu kasema mpaka arudi."

"Mwalimu kavuka! Yuko Wete na mkewe, keshakusahauni!"

Watoto wakatazamana kwa pembe za macho. Jaribu ndiye aliyejibu, polepole, shingo haitikisiki kwa sababu ya mkono uliokuwa juu yake. "Mwezi uliopita pia alisema avuka, Bi Mwatima. Tukamuona kapanda mashua. Tulipokaa chini, akatokeza dirishani. Alishukia upande wa pili wa kisiwa akarudi kwa miguu. Siku ile tulipigwa sote."

Mwatima akageuka bila kupenda, akatazama dirisha. Lilikuwa tupu. Mtu yuko ng'ambo ya maji na macho yake kayaacha hapa.

"Mlifanya nini hata akakupigisheni magoti?"

"Bakora yake imepotea," akasema Jaribu. "Ile ya mpera. Akauliza nani kaichukua, hatukusema."

Ukutani, juu ya ubao, palikuwa na msumari na chini ya msumari alama nyeusi ndefu ya mafuta. Watoto walikuwa wameipa fimbo ile jina la Bi Mdogo, maana mwalimu aliipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa na kuifunga kitambaa, na mke wa nyumbani hakuona hata nusu ya mahaba yale. Mwatima akaitazama alama. Pua yake ikakumbuka kabla ya kichwa chake. Moshi wa asubuhi. Mihogo.

Akamtazama Tatu, Tatu akainamisha macho.

"Mnajua ni nani?" Mwatima akauliza darasa zima.

Hawakujibu. Lakini kimya kina rangi nyingi, na mtu aliyelea watoto anazijua. Hiki hakikuwa kimya cha wasiojua.

"Alitaka kusema," akanong'ona mtoto wa kike nyuma ya Tatu, bila kumtaja anayemsema. "Tukamkataza. Kiganja chake kikipigwa tena kitakatika."

Mwalimu alikuwa kawafunza jedwali la kuzidisha, na mito, na majina ya miji ambayo hawataiona. Alikuwa kawafunza na hofu, na hofu waliijua vizuri kuliko vyote. Nani basi aliyewafunza hili jingine? Halikuandikwa ubaoni. Hata watu wazima wa foleni ya mchele, wanaosukumana na kutukanana mama zao, hawakulijua.

Habari ilienea. Kina mama wakaja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na kila mmoja alianza kwa ukali na kuishia kwa machozi. "Inuka, Nyange!" "Siinuki." "Mwanawema, ntakuchapa!" "Nichape hapahapa, mama." Waliojaribu kuwabeba waliona ajabu: ukimvuta mmoja, safu nzima inavutika, kwa jinsi walivyoshikana.

Soud alikuja na wavu begani. Alisimama mlangoni akatazama, akaguna. "Hii ndiyo adabu," alisema, lakini sauti haikumtii mpaka mwisho.

Kisha akaja Sheha Jecha, kofia imenyooka, fimbo ya kutembelea mkononi. Watoto walipoiona fimbo, mikono yote ilipanda inchi moja zaidi. Sheha akaificha nyuma ya mgongo, aibu imemshika.

"Watoto," alisema kwa lugha ya mikutano, "mimi ni mwakilishi wa serikali katika kisiwa hiki. Inukeni."

"Hawakusikii, Sheha," akasema Bi Mize, ambaye alikuwa kaletwa kwa kushikwa mkono. "Serikali yako haijawahi kuwapiga. Wataijuaje?"

Watu wakacheka kidogo. Sheha hakucheka. "Amri ya mwalimu ni amri ya serikali vilevile, mama yangu. Nikiitengua ovyo nitaulizwa. Lakini tuseme hivi: kosa ni la mtu mmoja. Atajwe. Nitawainua wote kwa dhamana yangu, huyo mmoja abaki amngoje mwalimu. Mmoja tu. Ndiyo haki hiyo, au siyo haki?"

Kina mama wakatazamana. Ilikuwa haki yenye ladha tamu. Kila mmoja alimtazama mwanawe magoti yamechubuka, na kila mmoja aliomba moyoni huyo mmoja awe wa mwenziwe. "Semeni basi, watoto wazuri," akabembeleza mama yake Nyange. "Mmoja akibaki kuna ubaya gani?"

Mwatima aliwaona watoto wanavyovuta pumzi. Alimuona Tatu anafumbua mdomo. Alimuona Jaribu anausukuma kichwa juu taratibu, anaubana ule mkono mbovu kidogo, kidogo tu, mpaka Tatu akafumba mdomo kwa maumivu. Yule mvulana alikuwa anamuumiza ili asijiumize. Na katika hofu na mastaajabu yale Mwatima akajikuta keshasema.

"Mimi."

"Wewe nini?" Sheha akageuka.

"Bakora nimeichoma mimi. Leo asubuhi. Nimepikia mihogo."

Kicheko kilitaka kuanza mlangoni, kikakosa njia. Hakikuwa kiapo cha uwongo, na kila aliyemjua Mwatima alilisikia hilo katika sauti yake.

"Umeichoma bakora ya serikali?" akasema Sheha. "Kwa nini, mwanamke?"

"Kuni zilitota."

"Ikafikaje jikoni kwako?"

"Jikoni kwangu huingia mengi, Sheha. Uliza mengine ntakujibu. Hilo sitakujibu hata uniteremshe kisimani." Akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Umesema atajwe mmoja, wengine wainuke, yeye abaki. Nimejitaja. Wainue."

Sheha akajikwaruza ndevu. Kwa kweli neno alikuwa kalitoa mbele ya watu. "Haya," alisema, "mkosa kapatikana. Inukeni nyote."

Hakuna aliyeinuka.

"Mwalimu hajasikia," akasema Jaribu kwa unyonge, kama anayeomba radhi kwa ujinga wa wengine. "Yeye hajui kuwa kapatikana."

Hapo ndipo kina mama walipoanza kulia kwa sauti. Mwatima hakulia. Alikuwa anamtazama binti yake, anakumbuka foleni. Katika foleni ya mchele palikuwa na sheria moja ambayo hata wezi waliiheshimu: mtu akikushikia nafasi, nafasi ni yako. Unaweza kwenda kusali, kunyonyesha, kulala. Watu waliacha jiwe, waliacha pakacha, waliacha mtoto, na hakuna aliyethubutu kusema jiwe si mtu. Watoto hawa walikulia katika foleni. Sheria ile waliijua kabla ya alifu.

Akapiga magoti kando ya Tatu, akainua mikono.

"Sogea," alisema. "Nakushikia nafasi."

Tatu akamtazama, macho yamejaa. "Mama, foleni na adhabu si kitu kimoja."

"Kwani ulishaiona foleni isiyo adhabu? Mara ngapi umenishikia mimi? Leo zamu yangu. Mwalimu akija atakuta nafasi ina mtu."

Tatu alimtazama Jaribu. Jaribu akafikiri, uso umekunjana kama kadhi mwenye kesi nzito. Mwisho akasema, "Nafasi ikishikwa, imeshikwa."

Tatu akautoa mkono juu ya kichwa cha mwenziwe, akaanguka ubavuni pa mama yake kama nguo iliyokatika kamba. Alilala palepale kwenye saruji.

Darasa zima liliona. Mama yake Nyange alitupa ushungi nyuma akapiga magoti. "Nyange, nakushikia." Kisha mwingine. Kisha mwingine. Mwanawema alimwambia mama yake mjamzito, "Wewe usipige, mama," na shangazi mtu akasema, "Nitapiga mimi, nafasi haichagui goti." Mikono ya watoto ikashuka na mikono ya wanawake ikapanda, yenye bangili za shaba na hina ya arusi ya juzi, mpaka likabaki goti moja dogo katikati.

Jaribu hakuwa na mtu. Babu yake alikuwa baharini. Aliendelea kupiga magoti, mikono juu, anatazama mbele, kama ambaye hakutarajia lolote na kwa hiyo hakukosa.

"Soud!" Bi Mize aliita. "Huyo mtoto hana wa kumshikia."

"Mama! Mbele za wanawake wote hawa?"

"Mbele za wanawake ndiko ulikozaliwa. Ulilia sana, hukuona haya."

Soud alisimama. Mtu aliyekimbilia mikokoni akiwa mdogo alijua kitu ambacho wanawake hawakukijua: jinsi saruji ile inavyouma. Aliutua wavu mlangoni. Akapita katikati ya safu, akapiga magoti mbele ya ubao alioutoroka, akainua mikono yake mikubwa yenye makovu ya mishipi.

"Haya, mwanangu," alisema, hamtazami mtu. "Nenda kanywe maji."

Mwalimu Abrahman alirudi jua likiwa limeanguka kwenye vichaka vya mikoko. Alikumbuka, alieleza baadaye, pale hospitali alipoambiwa mke na mtoto wote salama. Aliinua mikono kumshukuru Mola, na alipoiona mikono yake mwenyewe juu akakumbuka ile aliyoiacha. Hakungoja mashua. Alikodi kidau, akapiga kafi mwenyewe pamoja na mwenye kidau, akaruka majini kabla ya kufika, akaja skuli mbio, nguo zimelowa mpaka kifuani.

Njiani aliomba wawe wamekwenda zao. Alipoona skuli haina sauti akashukuru. Kisha akafika mlangoni.

Darasa lilikuwa limejaa wanawake. Wamepiga magoti safu kwa safu, mikono juu, imeegemezwa juu ya mabega na vichwa, kama walivyofundishwa na watoto wao. Katikati ya wanawake mvuvi mmoja. Na kandokando ya magoti yao watoto wamelala, wengine wana uji mdomoni, wengine wameshika pindo za kanga za mama zao usingizini. Sheha Jecha alikuwa kakaa kwenye dawati la mwisho, kofia mapajani, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Mwalimu akashika mwimo wa mlango.

"Masalkheri, Mwalimu," akasema Bi Mize kutoka kitini, kando ya yule mama mjamzito aliyekaa naye. "Hawa hawawezi kukupa mkono, mikono ina kazi. Mama watoto kajifungua?"

"Kajifungua." Sauti ilitoka kama si yake.

"Mwana gani?"

"Wa kike."

Na wale wanawake, mikono juu, magoti yanawaka moto, wakapiga vigelegele. Vilijaa darasani, vikagonga bati, vikawaamsha watoto. Mwalimu alivipokea kama mtu anayemwagiwa maji ya moto. Alitazama ubao. Alitazama msumari.

"Ni mimi, Mwalimu," akasema Mwatima. "Nimeichoma kwa kupikia. Watoto hawana kosa."

Mwalimu alitikisa kichwa, na haikujulikana anakataa nini. Midomo yake ilijaribu neno mara kadhaa. Lilikuwa neno dogo, alilolisema kila siku bila kulifikiri, na sasa lilikuwa limemkwama kama mwiba wa samaki.

"Lisemeni basi, bwana," Soud akaomba, jasho linamtiririka. "Wengine sie si vijana."

"Inukeni," akasema Mwalimu Abrahman.

Hawakuweza. Magoti yalikuwa yamekwisha kuwa ya mtu mwingine. Mmoja alijaribu akaanguka juu ya mwenziwe, mwenziwe akacheka, kicheko kikaambukiza safu nzima, na wanawake wakalala juu ya saruji wakicheka na kulia, hawajui kipi ni kipi. Watoto ndio waliokuja. Waliwashika mama zao kwapani, wawili wawili, wakawanyanyua kwa mtindo uleule, mwenye nguvu kwa mnyonge. Jaribu alikuwa anamvuta Soud, na Soud anamwambia, "Polepole, baba, polepole."

Tatu alimshika mama yake upande mmoja. Upande wa pili ulikosa mtu. Mwalimu alikuwa kasimama karibu, mikono inaning'inia, hajui ampe nani. Kwa muda mrefu hakuna mtoto aliyemtazama usoni. Tatu akamtazama.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba ndoo isukumwe, si zaidi. "Mshike huku kulia. Mie mkono huu haushiki."

Mwalimu akakiona kitambaa. Akainama.